Laana ya Mkate Mweupe

Nilikulia katika nyumba ambayo mkate mweupe haukuvuka kizingiti. Mkate wetu ulikuwa wa kahawia siku zote, hata Krismasi, hata siku nilipoolewa. Mama alisema pumba za ngano husafisha tumbo, nami niliamini hivyo kwa miaka arobaini na tisa. Mtu huamini anachopikiwa.

Ijumaa moja ya Novemba, wiki ile daktari alipotuambia kwamba hakuna tena tiba ila kumtuliza Mama maumivu, nilimletea mkate mweupe kutoka mjini. Kooni kwake hakikupita tena kitu kigumu. Nilikata kingo zote ngumu, nikapaka siagi, nikamsogezea sahani kitandani. Aliiangalia, akageuza uso ukutani.

"Ondoa, Aaltje."

"Ni laini, Mama. Onja tu kidogo."

"Ondoa, nimesema! Mkate huo nilishaula mara moja. Unanitosha mpaka milele."

Nikakaa pembeni ya kitanda. Mama hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alikuwa mtu wa kukunja nguo na kunyamaza. Nikamuuliza ni nini, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu akanieleza.

Kanisani kwetu tuko watu mia sita. Meza ya Bwana huandaliwa mara nne kwa mwaka, na wanaothubutu kuikaribia hawajawahi kuzidi kumi na watano. Waliobaki hukaa kwenye mabenchi wakimumunya peremende na kutazama. Kwetu mtu haendi mezani kwa kuwa anapenda kwenda. Anangoja mpaka ajue moyoni kwamba ameitwa, na akienda ataulizwa ulijuaje, lini, kwa andiko gani. Wengi wanangoja hadi wanazikwa, na sisi wengine tunaona huo ndio unyenyekevu.

Mama alikuwa na miaka ishirini na minne, na mtoto wake wa kwanza, Gijs, alikuwa bado mchanga. "Nilikuwa naanika nepi zake," akasema. "Upepo, jua kidogo. Nikajua tu. Kwamba nimesamehewa. Hakukuwa na sauti wala nini, Aaltje, nilijua tu vile unavyojua kwamba mvua imekatika. Nikaanika nepi zote huku naimba. Jumapili ilikuwa ni meza. Nikainuka nikaenda."

"Ukaenda peke yako?"

"Baba yako alinishika sketi. Nikaenda hivyo hivyo."

Alikaa kati ya wazee wa kanisa, mwanamke kijana kuliko wote. Akala kile kipande cha mkate mweupe, akanywa. Kisha watu wakaenda kwa bibi yangu kunywa kahawa, kama kila Jumapili. Pale mezani, mbele ya ukoo mzima, kaka yake Mama, Teunis, akaweka kikombe chini akasema kwa utulivu: "Marrigje, leo umekula laana yako ya milele."

Wiki saba baadaye walimkuta Gijs amepoa kitandani mwake. Teunis ndiye aliyebeba lile jeneza dogo kwapani. Alipofika mlangoni alimgeukia dada yake, akasema neno moja tu: "Umeona?"

Miaka hamsini na miwili Mama alikaa na neno hilo. Hakwenda mezani tena. Hakula mkate mweupe tena. Alinizaa mimi, akanilea, akamzika baba yangu, akafua mapazia kila msimu, na muda wote huo alijua kwa hakika anakokwenda.

"Mimi siogopi kufa," akaniambia. "Naogopa nikishafika." Vidole vyake vilikuwa vimelikamata blanketi kama mtu anayening'inia. Vilikuwa hivyo wiki nzima, nami nilidhani ni maumivu, nikamwomba nesi aongeze dozi. Dawa ya hofu ile haiuzwi popote.

"Na Mjomba anajua kwamba bado unaliamini neno lake?"

"Teun? Usimsumbue Teun." Akatabasamu, eti, akatabasamu! "Teun ni mwoga tangu utoto. Maji ya mtaroni yakiganda barafu alikuwa ananitanguliza mimi kuivuka, kwa sababu mimi mwepesi. Yeye anasimama ukingoni. 'Nenda, Marri. Ukifika katikati niambie kama inabeba mtu.'"

Mkate ule niliwamwagia bata. Sikumbuki kama nililala.

Ngoja niseme kuhusu hilo neno, maana linanichoma. Verdoemenis ndivyo tunavyoliita kwa lugha yetu, laana isiyo na mwisho. Nilipokuwa na miaka tisa nilibanwa kidole na mlango wa zizi, nikaropoka tusi linalotokana nalo, lile ambalo madereva wenzangu wa basi kule mjini Zwolle wanalitoa kila taa nyekundu ikiwaka. Mjomba Teunis alikuwa pale. Alinishika kichwa, bibi akanisugua ulimi kwa sabuni ya kijani, huku yeye ananiambia kwamba neno hilo si la kuchezea. Kwa hiyo nilijifunza. Ukiwa na maumivu, kidole kinavuja damu, huruhusiwi kulitamka. Lakini ukiwa umekaa vizuri, umevaa suti nyeusi, kahawa yako mkononi, unaweza kumtwisha nalo dada yako, na watu watasema wewe ni mtu makini. Mimi nilioshwa mdomo kwa ajili ya kidole. Yeye aliliachia juu ya kaburi la mtoto, na wakamfanya mzee wa kanisa.

Jumamosi mchana nilikwenda kwake. Alikuwa anakusanya majani uani, kwa sababu kwetu Jumapili haikuti jani chini. Miaka sabini na tisa, mgongo umenyooka, viatu vya mti miguuni. Hakuacha reki yake.

"Aal. Umekuja na basi lako?"

"Nimekuja na hasira zangu, Mjomba. Basi nimeliacha mjini."

"Mama yako yukoje?"

"Anakufa kwa hofu. Hofu uliyompa wewe."

Reki ikasimama. Nikamweleza yote, mkate, sahani, vidole kwenye blanketi. Alisikiliza akiangalia majani yake.

"Nilisema kilichoandikwa," akasema mwishowe. "Alaye isivyostahili..."

"Usinisomee! Nimelelewa hapa, mistari naijua. Imeandikwa hukumu, na imeandikwa kila mtu ajihoji mwenyewe. Haijaandikwa Teunis amhoji dada yake mbele ya kahawa. Laana ya milele umeiongeza wewe."

"Hukumu ya Mungu ni nini kama si hiyo?"

"Haya. Na 'umeona' imeandikwa wapi? Sura ya ngapi, Mjomba? Nitajie mstari."

Alibadilika rangi, akaegemea reki, na kwa mara ya kwanza nikaona ni mzee kweli. Sikumhurumia. Naomba lieleweke hilo, sikumhurumia hata kidogo.

"Mimi ndiye niliyekuwa nangoja," akasema. "Nilikuwa naomba tangu nina miaka kumi na minne. Nilikuwa napiga magoti ghalani mpaka suruali inatoboka. Hakuna kitu. Kimya. Halafu yeye anaanika nepi! Anaanika nepi, anaingia mezani anacheka!"

"Kwa hiyo ilikuwa wivu."

"Sijui ilikuwa nini."

"Mimi najua. Wivu. Na wewe ulikwenda lini mezani?"

Niliuliza bila kufikiri. Nilitaka tu kuendelea kumpiga. Lakini aliinamia majani yake, akaanza kuyakusanya upya, na jibu likanifikia polepole. Mzee wa kanisa kwa miaka thelathini. Kazi ya wazee wetu ni kuilinda ile meza, kuangalia nani anasogea na kama maisha yake yanaustahili ule mkate. Nilikuwa nimemwona ujanani kila mara akiwa amekaa kwenye benchi lao, mikono magotini, macho makali. Sikuwahi kuona amekaa upande ule mwingine.

"Hujawahi," nikasema.

"Sijaitwa."

Nikacheka, na halikuwa cheko zuri. "Miaka thelathini unalinda chakula ambacho hujakionja! Vaa koti. Utakuja umwambie mwenyewe."

Alikuja. Hilo nampa. Alitembea nyuma yangu mtaa mzima bila neno, akaketi kwenye kiti kando ya kitanda cha Mama, kofia magotini.

"Marrigje," akasema, "neno lile nililokwambia nyumbani kwa mama, nalirudisha."

Mama alimtazama. "Lipi, Teun?"

"Unalijua."

"Nataka ulitaje. Mimi nimelitaja kila siku."

"Kwamba ulikula laana yako." Akaizungusha kofia. "Na lile la mlangoni. La Gijs. Hilo pia."

Nilidhani imekwisha. Nilikuwa tayari kumfungulia mlango aondoke. Lakini Mama akajiinua juu ya mto kwa viwiko, kitu ambacho hakuwa amekiweza tangu Jumatatu.

"Wewe ulinitwika mbele ya ukoo mzima, leo unanitua chumbani," akasema. "Hapana, kaka yangu. Kesho ni meza. Inuka uende. Ukae, ule."

"Marri, siwezi. Sistahili."

"Ukiogopa kula, basi ulichoniambia bado unakiamini. Na kama wewe unakiamini, mimi nitakufa nacho. Usinidanganye kwa mdomo. Nenda ule."

Alitoka bila kunywa kahawa, na kwetu kuondoka hivyo ni kama kutoka bila suruali.

Jumapili asubuhi jirani alikaa na Mama, nami nikavaa kofia nyeusi ya Mama, nikaingia kanisani. Sikuwa nimekanyaga mle miaka ishirini. Shingo ziligeuka moja baada ya nyingine, zikarudi. Nilikaa nyuma. Mbele pale meza ndefu ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe, na viti vilikuwa arobaini, kana kwamba kuna mtu anategemea wageni wengi. Mchungaji alisoma ile orodha ndefu ya wasiopaswa kusogea, waabudu sanamu, walevi, wachonganishi, na nikajikuta nahesabu ni wangapi ninaowajua. Kisha akakaribisha watu.

Wakaenda kumi na mmoja. Vizee watupu, wakitembea wameinamisha vichwa kama watu waliokamatwa. Mchungaji akangoja. Akauliza kama yupo mwingine. Hapo mjomba wangu akainuka kwenye benchi la wazee.

Kweli nawaambia, peremende zote mia sita zilisimama midomoni. Alipita mbele ya wenzake, akaiendea meza. Alivuta kiti cha mwisho, mbali na wengine, akaketi. Niliwaza, atakula, mzee huyu atakula.

Sahani ikapita mkono kwa mkono mpaka kwake. Alichukua kipande, ukanda mdogo wa mkate mweupe. Mkono ukaenda kuelekea mdomoni, ukakaa pale, ukashuka chini ya meza. Kitambaa cha mkononi kikachungulia, kikarudi mfukoni. Kikombe kilipofika akakipitisha bila kukigusa na midomo, ameinamisha kichwa kama anayeomba. Pengine hakuna mwingine aliyeona. Lakini mimi nimeendesha basi miaka ishirini na mitatu, mtu anayejifanya amelipa namjua kwa bega lake.

Nilimfuata kutoka kanisani hadi kwetu nikiwa na maneno yaliyonijaa mdomo mzima. Nikamfikia langoni.

"Mwizi wewe! Umeiba hata hapo!"

"Niache, Aal."

"Anakufa, Mjomba! Umeombwa kutafuna tu!"

Akanipita, akaingia chumbani na koti lake. Mama alikuwa macho. Mjomba akatoa kitambaa, akakifungua juu ya blanketi. Kipande kilikuwa kimepondeka kidogo.

"Sikuweza," akasema. "Nilifika mpaka pale. Sikuweza."

Nilingoja Mama alie. Badala yake aliutazama ule mkate, kisha akamtazama kaka yake. Nje viatu vya watu vilikuwa vinapita kwenye matofali kurudi makwao.

"Lete," akasema.

"Mama, hapana!" nikapiga kelele, nami sioni aibu kwamba nilipiga kelele. "Huoni anachofanya? Anakutanguliza tena! Amesimama ukingoni na miaka yake sabini na tisa, anataka wewe upite kwanza!"

"Naona," Mama akasema. "Mimi ndiye mwepesi."

Akauachia mkono wa kulia kutoka kwenye blanketi. Akakivunja kipande katikati, nusu akaiweka kiganjani, nusu akaitia mdomoni. Alitafuna polepole, kwa kuwa koo lilikuwa bovu. Mjomba alikuwa amefumba macho. Mimi niliangalia koo la Mama tu. Likapanda, likashuka.

Kisha akaanza kucheka, cheko dogo la kukohoa ambalo sikuwahi kulisikia, la msichana fulani wa mtaroni ambaye nilizaliwa nimechelewa kumjua.

"Inabeba, Teun," akasema. "Njoo."

Akamnyooshea kiganja. Mzee hakusogea. Nikamwambia, "Kula, Mjomba, au toka nje." Akaichukua ile nusu kwa vidole viwili, akaitia mdomoni, akatafuna na meno yake ya bandia mpaka nikadhani hatamaliza. Machozi yalimtiririka hadi kwenye kola. Mama alimshika mkono, yeye ndiye akimbembeleza! Nililazimika kutazama dirishani, maana hasira zilikuwa hazina tena pa kukaa.

"Ni mtamu," Mama akasema. "Nilikuwa nimesahau. Aaltje, uko mwingine?"

Haukuwapo. Katika nyumba ile haukuwahi kuwapo, na wa Ijumaa walikuwa wameula bata. Ilikuwa Jumapili, kijiji kizima kimefungwa, hata kengele ya duka la mkate imevikwa soksi. Nikachukua ufunguo wa gari.

Kwetu gari haliwashwi Jumapili. Mpaka natoka ilikuwa saa nane na nusu, watu wanarudi kanisani kwa ibada ya pili, barabara imejaa nguo nyeusi kutoka ukingo hadi ukingo. Nilipita katikati yao kwa gia ya kwanza. Nilimwona mke wa mchungaji akimziba mjukuu wake macho. Nikapiga honi mara moja. Haikuwa lazima.

Kituo cha mafuta kwenye barabara kuu kilikuwa na mkate mweupe, wa kwenye mfuko wa plastiki, ule mbovu kuliko yote, unaobonyea ukiushika. Niliurudisha nyumbani nikiwa nimeuweka kwenye kiti cha abiria. Nikampakia Mama siagi nene juu ya kipande, nikanyunyizia chenga za chokoleti, kama za watoto. Alikula kipande kizima na nusu ya kingine. Chokoleti ilimkaa kwenye mashavu, hakutaka kupanguswa.

Alifariki Alhamisi, mchana, mikono imelala wazi juu ya blanketi.

Watu huniuliza kama nimemsamehe Mjomba. Mama alimsamehe, na huyo alikuwa na haki hiyo, mimi nina zangu. Jumapili ile, Mama alipokuwa anakula, Mjomba naye aliomba kipande, kwa sauti ya chini, bila kuniangalia. Nikatoa mkate wote kwenye mfuko mpaka nikafikia kile cha mwisho, kigumu, ambacho hakuna mtu anayekitaka, nikampa hicho. Siagi nilimpakia, lakini kidogo.